Abiria Mzoefu Ana Kauli Chomboni: Mashauri kwa Wanaosafiri Mara kwa Mara Pwani ya Cabo Delgado

Tangu mdomo wa Mto Ruvuma, kupita Rasi ya Delgado, Palma na Mocímboa da Praia, hadi visiwa vya Quirimbas na mji wa Pemba ulioko bara, bahari imekuwa barabara kuu ya wakazi wa kaskazini ya Msumbiji kwa karne nyingi. Wamwani, ambao jina lao lenyewe lina maana ya watu wa pwani, walikuwa na majahazi kabla ya kuwapo barabara ya lami. Hata leo yuko mchuuzi wa samaki wakavu ambaye hawezi kuhesabu safari zake, yuko mama aendaye kumtazama mwanawe aliyehamia Pemba, na yuko askari anayerejea kituoni baada ya likizo. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya abiria wa namna hiyo na jamaa zao: wale ambao wamekwisha kuizoea bahari.

Katika meli kubwa za matembezi, ambazo baadhi yake hutia nanga Unguja na Mombasa, abiria wa mara kwa mara huhesabiwa kama mali. Kampuni humwandika katika daftari lake, humhesabia siku alizolala melini, na kila anapopanda daraja humwongezea heshima. Hutangulia kupanda wakati wengine wamepanga mstari, hupunguziwa nauli ya safari ijayo, hufuliwa nguo bila malipo, na pengine hualikwa kukutana na nahodha.

Lakini liko jambo moja ambalo abiria huyo hasamehewi, hata akiwa amesafiri mara mia. Nalo ni mazoezi ya kujiokoa. Usiku wa tarehe 13 Januari 2012, meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, nchini Italia, ikiwa na watu zaidi ya 4,200. Watu 32 walipoteza maisha. Mamia ya abiria waliopanda siku ile ile walikuwa bado hawajaonyeshwa namna ya kujiokoa, kwa kuwa sheria ya wakati huo iliruhusu mazoezi hayo yafanywe ndani ya saa 24 baada ya kupanda. Kutokana na msiba huo sheria ya kimataifa ilibadilishwa, na tangu tarehe 1 Januari 2015 mazoezi hayana budi kufanywa kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Mgeni na mwenyeji wote hawana budi kuyafanya.

FAIDA YA UZOEFU KATIKA VYOMBO VYETU

Katika mashua na majahazi yetu hakuna daftari la heshima, lakini heshima yenyewe ipo. Nahodha humjua abiria wake wa siku zote kwa jina na kwa ukoo. Humwekea nafasi karibu na shetri, mahali pasiporuka maji mengi. Hukubali kumkopesha nauli. Hupokea mzigo wake na kuufikisha hata kama mwenyewe hakusafiri. Haya ni mambo mema, na hakuna ubaya kuyapokea.

Hata hivyo, iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba abiria mzoefu husikilizwa. Mgeni akisema kuwa chombo kimejaa mno, mabaharia hucheka. Akisema mtu aliyesafiri nao miaka kumi, nahodha hugeuka. Kauli hiyo ndiyo hazina ya abiria mzoefu, na inasikitisha kuona wengi wakiitumia kuombea nafasi nzuri ya kukaa tu, wala si kulinda roho za watu.

Ni kweli kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Haifai abiria kumfundisha nahodha kazi yake mbele ya mabaharia wake. Adabu ni kumwendea kabla ya kupanda, kumsabahi, kisha kumwambia kwa upole: "Nahodha, naona leo maji yameukaribia ubao wa juu. Kama si vibaya, tungepunguza magunia au tungengoja chombo cha pili." Asipokubali, abiria anayo haki ya kutopanda. Wakiteremka abiria watatu au wanne wanaojulikana, si rahisi nahodha kushikilia msimamo wake, maana anajua kuwa habari hiyo itatembea bandari nzima.

YALIYOTOKEA LUNGA

Tarehe 7 Aprili 2024, katika mkoa wa Nampula ulio kusini ya Cabo Delgado, chombo cha uvuvi kiliondoka Lunga kuelekea Kisiwa cha Msumbiji kikiwa na watu wapatao 130. Uvumi juu ya kipindupindu ulikuwa umewatia watu hofu, nao wakakimbilia chomboni pamoja na watoto wao. Chombo hicho hakikuwa cha kubebea abiria, na kilikuwa kimezidiwa. Watu zaidi ya 90 walikufa, wengi wao wakiwa watoto.

Hofu huondoa hesabu kichwani. Hali kadhalika mwezi Oktoba 2020, vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017 vilipozidi, watu zaidi ya 10,000 walifika kwa mashua katika ufuko wa Paquitequete mjini Pemba. Tarehe 29 ya mwezi huo chombo kimojawapo kilizama baina ya visiwa vya Ibo na Matemo, na makumi ya wakimbizi wakafa maji. Wakati kama huo ndipo anapohitajika mtu mmoja mtulivu ambaye sauti yake inafahamika, awaambie wenzake kuwa chombo kimetosha.

Kabla ya kupanda, abiria mzoefu atazame mambo manne. Kwanza, ni kiasi gani cha ubao kilichobaki juu ya maji wakati watu wote na mizigo wamekwisha kuingia. Pili, ngama ina maji kiasi gani, na kama yupo mtu wa kuyafua na kopo la kufulia. Tatu, kama mizigo mizito imewekwa chini na kufungwa, au imerundikwa juu ambako itateleza wimbi likipiga. Nne, kama yapo maboya ya kutosha. Pasipokuwa na maboya, kila mtu achukue dumu tupu la lita 20 lililofungwa kizibo barabara. Dumu hilo haliwi badala ya boya, lakini litamshikilia mtu kichwa kikiwa juu ya maji.

PEPO, MKONDO NA MAJI

Msafiri wa pwani hii hana budi kujua kalenda ya pepo. Kaskazi huvuma tangu mwezi Desemba hivi hadi Machi, nayo humsaidia aendaye kusini, kama vile kutoka Palma kwenda Ibo. Kusi huanza kushika mwezi Aprili au Mei hadi Septemba, na hupata nguvu zaidi baina ya Juni na Agosti. Huyo ndiye rafiki wa aendaye kaskazini. Katikati yake bahari hutulia, na hiyo ndiyo miezi mizuri ya kusafiri na watoto. Aidha, baina ya Novemba na Aprili ni majira ya tufani. Tufani iliyoitwa Kenneth iliipiga pwani hii tarehe 25 Aprili 2019 kwa upepo wa zaidi ya kilometa 200 kwa saa na kuiharibu vibaya Ibo. Katika miezi hiyo sikiliza redio kabla ya kufunga mzigo.

Jambo jingine ni mkondo. Mkondo mkubwa utokao mashariki ya Bahari ya Hindi huifikia pwani karibu na Rasi ya Delgado, ukagawanyika: mmoja huelekea kaskazini upande wa Mtwara, na mwingine kusini. Upepo unapovuma kukabili mkondo, mawimbi husimama mafupi na makali. Kwa hiyo usishangae bahari ya rasi ikichafuka siku ambayo ghuba ya Palma imetulia.

Tena kuna kujaa na kupwa. Maji hujaa mara mbili katika muda wa siku moja na kitu, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Yakijaa leo saa tatu asubuhi, kesho yatajaa karibu na saa nne kasorobo. Wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu huwa ni bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na mikondo ya milangoni huwa na nguvu. Aendaye Ibo kutoka Tandanhangue ataijua faida ya hesabu hii, kwa sababu njia ile hupita katikati ya mikoko, na maji yakipwa mashua hukaa juu ya matope mpaka yarudi. Usimhimize nahodha aondoke nje ya wakati wake, wala usimshawishi asafiri usiku. Mafungu na miamba ya matumbawe haionekani gizani.

KWA NDUGU ASKARI

Askari na polisi wana kauli kubwa zaidi kuliko raia, na hapa yafaa tuseme wazi. Nahodha akiona sare huogopa kukataa. Askari akisema "tuondoke sasa" huku upepo umechafuka, au akiagiza wenzake sita waongezwe katika chombo kilichojaa, nahodha atatii, na abiria wote watabeba hatari hiyo. Cheo hakiongezi upana wa mashua. Askari mwema hulipa nauli yake, hukaa anapoonyeshwa, na akiona chombo kimezidiwa huwa wa kwanza kuteremka. Abiria wakimwona anateremka, nao watapata ujasiri.

Kuhusu mavazi: buti zilegezwe kamba, mikanda ya vifaa ifunguliwe, na mkoba usivaliwe mgongoni. Vitu hivi humzamisha hata mwogeleaji hodari. Chombo kikipinduka, usikiache ukaogelea kuelekea ufukoni. Chombo cha mbao huelea hata kikijaa maji, na ni rahisi kwa waokoaji kukiona kuliko kichwa cha mtu mmoja.

KWA MAMA NA WATOTO

Kila mtoto apewe mtu mzima mmoja wa kumwangalia, na mtu huyo ajue hivyo kabla ya safari. Mtoto mchanga apakatwe mbele badala ya kufungwa mgongoni, wala asifungwe kwenye mzigo au kwenye mlingoti. Nguo ndefu zikunjwe zisizonge miguu. Kaeni katikati ya chombo na chini, ambako mtikiso ni mdogo. Anayeona kigegezi atazame mbali pale bahari inapokutana na mbingu, asikitazame kitu kilicho karibu. Kabla ya kupanda ale chakula chepesi kama mkate mkavu, ndizi au muhogo wa kuchemsha, na aepuke mafuta mengi. Kipande cha tangawizi cha kutafuna huwasaidia wengi. Dawa za kichefuchefu wasipewe watoto bila ushauri wa mganga, kwani baadhi yake huleta usingizi mzito.

Chukueni maji ya kunywa ya kuwatosha siku nzima hata kama safari ni ya saa nne, maana upepo ukikatika hakuna duka. Simu, vyeti na fedha zifungwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Na kabla ya kuondoka, mwachieni jamaa mmoja jina la chombo, jina la nahodha, idadi yenu, na saa mnayotazamia kufika. Watu wengi waliopotea baharini walichelewa kutafutwa kwa sababu tu hakuna aliyejua kuwa wamesafiri.

HATI NA SAA

Atokaye Mtwara kwenda Msumbiji, au atokaye Msumbiji kuja Mtwara, apite katika ofisi ya uhamiaji na hati yake igongwe mhuri, hata kama amezaliwa na kukulia kwenye pwani hiyo. Tangu vita vianze, chombo kinachopita kando ya vituo hushukiwa na walinzi, na asiye na mhuri hujitia matatani yeye na wenzake. Ulizeni pia kwa wakuu wa bandari kama njia mnayotaka kupita inaruhusiwa siku hiyo.

Mwisho ni hesabu ya saa, ambayo imewachelewesha wengi. Saa za Msumbiji ziko nyuma ya saa za Tanzania kwa saa moja. Ikiwa Mtwara ni saa tatu asubuhi, Palma ni saa mbili. Zaidi ya hayo, wasemao Kireno huhesabu tangu usiku wa manane, hivyo "oito" yao ya asubuhi ni saa mbili yetu, wala si saa nane. Mnapopatana na nahodha, semeni: "Maji yakiwa yamejaa nusu," au "Jua likiwa limechomoza." Lugha hiyo hueleweka pande zote mbili za Ruvuma. Na mkishafika, mpelekeeni habari yule jamaa mliyemwachia majina, asikeshe akiwangoja.