Kabla Muswada Haujafika kwa Mhariri

Agosti 1995 jarida la The Lancet la Uingereza lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika vijijini mkoani Mwanza. Jamii 12 zilipangwa katika jozi sita, kisha kura ikaamua ni jamii ipi katika kila jozi ianze kupata huduma iliyoboreshwa ya magonjwa ya ngono. Wahudumu wa vituo vya afya na zahanati walipewa mafunzo, dawa zikapelekwa bila kukatika, wasimamizi wakawa wanapita kukagua kazi. Baada ya miaka miwili, walioambukizwa VVU upya walikuwa asilimia 1.2 katika jamii zilizopata huduma hiyo na asilimia 1.9 katika zile nyingine. Hesabu zilipozingatia tofauti nyingine kati ya jamii hizo, maambukizi mapya yalionekana kupungua kwa asilimia 42.

Februari 1999 jarida hilohilo lilichapisha jaribio la Rakai, Uganda. Huko watu wazima walipelekewa dawa za magonjwa ya ngono nyumbani kila baada ya miezi 10, wawe na dalili au wasiwe nazo. Kiwango cha maambukizi mapya ya VVU kilikuwa kilekile katika jamii zilizopata dawa hizo na katika zile za kulinganisha: watu 1.5 kwa kila watu 100 kwa mwaka.

Msomaji mwenye haraka angesema moja kati ya majaribio hayo mawili limekosea. Wataalamu walirudi kwenye sehemu ya Mbinu ya kila makala, na huko wakakuta maelezo ya kutosha kujenga hoja. Mwanza mgonjwa alitibiwa siku yoyote aliyojitokeza na dalili, Rakai tiba ilikuja kwa awamu. Janga la VVU huko Rakai, tena, lilikuwa limekomaa na kuenea zaidi. Mjadala huo umewafundisha wapangaji wa huduma za afya mambo mengi, na usingewezekana kama waandishi wangetupatia matokeo bila kueleza hatua kwa hatua walivyoyapata.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu vijana wengi wanaoniuliza namna ya kuandika makala ya tiba huuliza kuhusu Kiingereza chao. Lugha hurekebishika. Kinachoangusha miswada mingi ninayoihakiki ni sehemu ya Mbinu ambayo mtu wa nje hawezi kuifuata. Wagonjwa walichaguliwaje? Ni wangapi walikataa, na wangapi walipotea njiani? Nani alipima, kwa kipimo gani, na je, alijua mgonjwa yuko kundi gani? Mwandishi anayasahau haya kwa sababu kwake ni mambo ya kila siku. Mhakiki hakuwepo wodini. Anachokijua ni kile kilichoandikwa tu.

Ndiyo maana ipo miongozo inayomkumbusha mwandishi cha kueleza. CONSORT ni ya majaribio yanayogawa watu kwa kura, STROBE ni ya tafiti za uchunguzi, PRISMA ni ya mapitio ya tafiti nyingi kwa pamoja, na CARE ni ya ripoti za mgonjwa mmoja. Inapatikana bure kwenye tovuti ya mtandao wa EQUATOR. Kosa la kawaida ni kuifungua usiku wa kuamkia kutuma muswada, ili kujaza fomu ambayo jarida limeidai. Ifungue unapopanga utafiti. Kama hukuandika idadi ya waliokataa kushiriki siku walipokataa, hakuna uhariri utakaokurudishia idadi hiyo.

Ruhusa nazo hazitafutwi baadaye. Tanzania Bara, utafiti wa afya unahitaji kibali cha maadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, ndiyo yenye kamati ya kitaifa. Kibali chake kina sharti ambalo wengi hawalisomi: kuomba idhini kabla ya kuchapisha matokeo. Jaribio la tiba lazima pia lisajiliwe hadharani kabla mgonjwa wa kwanza hajaingizwa. Majarida makubwa yalianza kudai hivyo mwaka 2005, na Afrika ina rejesta yake inayotambuliwa na Shirika la Afya Duniani. Usajili huo unamzuia mtafiti kubadilisha swali baada ya kuyaona majibu.

Si kila muswada unatokana na jaribio kubwa. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika katika British Journal of Surgery kuhusu watoto 38 wenye uvimbe wa mataya, na saratani aliyoieleza inaitwa kwa jina lake hadi leo. Daktari wa hospitali ya wilaya anayeangalia kwa makini bado ana la kuandika. Ila masharti ya leo ni makali zaidi: kama mgonjwa anaweza kutambulika, ridhaa yake ya maandishi ni lazima, na aonyeshwe muswada kabla haujachapishwa. Wengi hudhani kuweka mstari mweusi machoni kwenye picha kunatosha. Hakutoshi, na kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba imelisema hilo waziwazi. Ndugu na majirani humtambua mtu kwa kidevu, kwa kovu, hata kwa kanga aliyovaa.

Kamati hiyo, iliyoanza kwa mkutano wa wahariri wachache mjini Vancouver, Kanada, mwaka 1978, ndiyo pia iliyoweka masharti ya nani aitwe mwandishi. Yako manne, na yote yatimizwe: awe amechangia kwa kiasi kikubwa katika kupanga utafiti, kukusanya data au kuichambua, awe ameandika muswada au kurekebisha maudhui yake kwa kina, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na awe tayari kujibu kwa kazi nzima. Kuleta fedha peke yake hakumfanyi mtu mwandishi. Kuwa mkuu wa idara hakumfanyi pia. Najua ugumu wa kumwambia bosi kwamba jina lake litakaa kwenye shukrani, hasa kijana anapotegemea sahihi yake. Dawa yake ni kukubaliana kwa maandishi mwanzoni mwa utafiti nani atafanya nini, kabla heshima haijachanganyika na haki. Kwa kipimo hichohicho, mtafiti wa kigeni anayeondoka na sampuli na kumwacha daktari wa hapa kwenye shukrani, ilhali daktari huyo ndiye aliyepanga kazi na kuichambua, anavunja kanuni. Programu za akili mnemba nazo haziwi waandishi, kwa kuwa haziwezi kuwajibika; ukizitumia, sema.

Kwenye takwimu nina ombi moja. Usiandike tu kwamba tofauti ni ya maana kitakwimu. Toa ukubwa wa tofauti na mipaka ya uhakika wake. Makala ya Mwanza haikuishia kwenye asilimia 42: ilionyesha kwamba upungufu halisi ungeweza kuwa asilimia 21 tu, au ukafika 58. Mpangaji wa bajeti anahitaji kuijua mipaka hiyo. Na programu ya takwimu ikikuonyesha P=0.000, usiinakili hivyo, maana uwezekano huo si sifuri, andika P<0.001.

Jarida lichague kabla ya kuanza kuandika, na usome makala zake kadhaa za karibuni. Miswada mingi hurudishwa na mhariri bila kufika kwa wahakiki kwa sababu haihusu wasomaji wa jarida hilo, au imezidi idadi ya maneno. Barua kwa mhariri iwe fupi: umegundua nini, kwa nini wasomaji wake wakijue, na kwamba muswada haujapelekwa kwingine. Kuupeleka kwa majarida mawili kwa wakati mmoja ni kosa zito. Matokeo yakichapishwa mara mbili, wanaojumlisha tafiti huwahesabu wagonjwa walewale mara mbili, na dawa inaonekana bora kuliko ilivyo.

Jihadhari pia na majarida ya kilaghai. Yanakuandikia yenyewe kwa sifa nyingi, yanaahidi kukubali muswada ndani ya siku chache, na ada yanaitaja mwishoni. Wapo wanafunzi waliotoa fedha za familia kwa jarida la namna hiyo, wakaja kuambiwa na chuo kuwa makala haihesabiki. Jarida halali hutangaza ada mapema, na mengi hutoa msamaha au punguzo kwa nchi zenye kipato kidogo. Omba unapotuma muswada, kwani baada ya kukubaliwa mara nyingi umechelewa.

Majibu ya wahakiki yakija, soma, yaache siku mbili, kisha uyarudie. Nakili kila hoja, andika jibu chini yake, taja ukurasa na mstari ulipobadilisha. Usipokubaliana na mhakiki, sema hivyo kwa adabu na kwa ushahidi, wahariri hukubali.

Lililobaki ni matokeo ambayo watu huyaona aibu: dawa haikusaidia, tofauti haikuonekana. Hayo huishia kabatini, na mtafiti mwingine huanza upya kuwatoa wagonjwa damu kwa swali ambalo jibu lake lipo. Tamko la Helsinki, mwongozo wa maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, linataka matokeo yachapishwe yawe mazuri, mabaya au yasiyoeleweka. Kama una data ya namna hiyo, ombi langu kwako ni kwamba uandike sehemu ya Mbinu mwezi huu, ukingali unakumbuka.