Kitufe Kilichojitambulisha

Wapo watu ambao hadi leo wanaitamani Windows 95, na wanaowasikia huwacheka: wanaulilia ujana wao tu. Kiasi fulani ni kweli. Lakini kama ingekuwa ujana peke yake, watu wangekumbuka kwa hamu hata zile dakika za kungoja kaseti ipakie mchezo kwenye kompyuta ya ZX Spectrum. Hamu yenyewe inachagua, na inachokichagua kina sababu. Tazama kitufe cha mwaka 1995. Ni kipande cha kijivu kisicho na urembo, ila ukingo wake wa juu na wa kushoto ni mweupe, wa chini na wa kulia ni mweusi, kana kwamba taa inamulika kutoka pembeni juu. Jicho linasoma mwinuko: hapa panabonyezeka. Ukibonyeza, kingo zinabadilishana rangi na kitufe kinazama. Macintosh ya 1984, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 128 na skrini ya nukta 512 kwa 342, nyeusi na nyeupe tupu, ilikuwa na adabu hiyohiyo. Amri isiyofaa kwa wakati huo haikufichwa. Ilififishwa, mtumiaji akajua kwamba ipo ila zamu yake bado.

Adabu hiyo imepungua. Mwaka 2012 Windows 8 iliondoa kitufe cha Start, na toleo la 8.1 likalazimika kukirudisha mwaka uliofuata. Kampuni kubwa haijikosoi hivyo kwa kuwahurumia wazee wachache. Utaambiwa mashine zile ziliganda ovyo, na kwamba Macintosh yenye kiendeshi kimoja ilimchosha mtu kwa kuchomoa na kuchomeka disketi. Sawa, adha hiyo simtakii yeyote. Ila ilitokana na uhaba wa kumbukumbu na udhaifu wa mifumo ya ndani, wala kingo za kitufe hazikuhusika. Hoja nzito zaidi ni ya simu: kioo ni kidogo, kila alama inakula nafasi, ndiyo maana nyingi zinafichwa. Hapo nakubali, maana kidole kinagusa kitu chenyewe na kosa hurekebishwa upesi. Tatizo ni kwamba mtindo huo wa kuficha ulihamishiwa kwenye skrini pana za mezani, ambako nafasi imejaa tele, na mtu anazungusha mshale huku na huko akipapasa maandishi, asijue lipi ni neno na lipi ni kitufe.