Ndege Wadogo Nao Wana Wakubwa Wao

Anayeanika mtama uani hapa Nyarubungo huona jambo hili mara kwa mara. Shomoro kumi wakishuka mkekani, hawali kwa usawa. Mmoja hujitanua na kuelekeza mdomo mbele, wenzake wakampisha. Mnyonge hubaki pembezoni, akidonoa mara moja na kuinua kichwa mara mbili, maana aliye pembeni ni rahisi kunyakuliwa na kipanga.

Katika miaka ya 1920, mtaalamu wa Norwei, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alieleza kuwa kuku wana madaraja: wa juu humdonoa wa chini yake, naye humdonoa anayemfuata. Faida ya madaraja ni kupunguza vita. Ndege akishamjua mbabe wake humpisha mapema, na wote huokoa nguvu. Tena mbabe mara nyingi hahangaiki kutafuta. Humngoja mwenzake agundue punje, kisha humfukuza akala yeye.

Sasa tumtazame kwelea kwelea, adui wa mtama, uwele na mpunga. Ana uzito wa gramu zipatazo 20, lakini kwa siku aweza kula gramu 10 hivi. Kundi la ndege milioni moja, basi, laweza kumaliza tani 10 kwa siku. Walio nyuma wakikuta punje zimekwisha, huruka juu ya wenzao na kutua mbele, ndiyo maana kundi huonekana kama wimbi linalobingirika. Mwaka 1973, Peter Ward na Amotz Zahavi walitoa hoja kwamba mahali ndege wanapolala pamoja ni kama baraza la habari: aliyelala na njaa huwafuata asubuhi wale walioshiba jana.

Kama ni hivyo, ndege wachache wa kwanza wasidharauliwe. Wakishiba leo, kesho wataleta kundi. Kwelea hula zaidi asubuhi na jioni, hivyo saa hizo ndizo za kuamia kwa nguvu. Majirani wapande kwa wakati mmoja na kupeana zamu, kwani shamba linaloiva peke yake hubeba ndege wa kijiji kizima, na mtoto wa mwenye shamba hukosa shule. Ukigundua mahali wanapolala, mwarifu bwana shamba mapema, maana dawa hunyunyizwa huko. Na ndege waliokufa kwa dawa wasiokotwe kuwa kitoweo.