Sura ya Sita: Basi Kwanza, Treni Baadaye

Mwanza imebanwa kati ya ziwa na vilima vya mawe, hivyo safari za wakazi wake humiminika kwenye barabara chache: Kenyatta kwenda Mkuyuni, Nyegezi na Buhongwa, Nyerere kwenda Mabatini, Buzuruga na Igoma, Makongoro kupitia Kirumba na Pasiansi hadi uwanja wa ndege. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.1 katika wilaya za Nyamagana na Ilemela. Wanaotaka treni ya mjini wana hoja, kwa kuwa watu wengi kwenye njia chache ndiyo hali inayoifaa treni. Hata hivyo, fedha za kwanza ziende kwenye mabasi, maana kinachomtesa abiria wa daladala ni hesabu. Dereva na kondakta humpelekea tajiri, yaani mwenye gari, kiasi kilichopangwa kila siku. Kinachobaki baada ya mafuta ndicho chao. Ndiyo maana gari halitoki stendi mpaka lijae, hukatisha ruti jioni, na mwanafunzi huachwa kituoni kwa sababu nauli yake ni ndogo. Treni haiugusi mfumo huo, na abiria wa mbali, kama wa Kisesa, bado atahitaji daladala ya kumfikisha stesheni. Mwenye gari akilipwa kwa kilomita na kwa kufuata ratiba, dereva akapata mshahara, hakuna tena sababu ya kugombea abiria.

Kununua treni nako hakutoshi. Addis Ababa ilifungua treni yake ya mjini mwaka 2015, njia ya kilomita 34 hivi iliyogharimu takriban dola milioni 475, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka China. Miaka michache baadaye, treni nyingi kati ya 41 zilikuwa zimesimama kwa kukosa vipuri. Atakayepinga atataja mwendokasi wa Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2016 na kuandamwa na uhaba wa mabasi. Ni kweli, lakini uhaba huo ni wa uendeshaji, na uendeshaji mbovu hauponywi kwa kununua chombo cha bei kubwa zaidi. Wengine watasema jiji linakua, mabasi yatazidiwa. Basi ardhi ya njia itengwe sasa, kabla haijajengwa. Siku mabasi yenye njia yake, yakipita kila baada ya dakika chache, yatakaposhindwa kubeba watu, Mwanza itakuwa na idadi halisi ya abiria wa kulipia treni na watu waliokwisha kujifunza kusimamia ratiba.