Jua Likizama, Alishika Ukuta

Mtoto wetu wa pili alikuwa mchangamfu mchana kutwa, lakini jua likizama alitembea akishika ukuta. Alijikwaa kwenye ndoo, akamwaga uji, nasi tukamchapa kwa uzembe. Majirani walisema amerogwa. Upande wa baba walinong'ona kwamba balaa hilo limeletwa na mke.

Tulimlisha maini, mchicha na mapapai, maana ukosefu wa vitamini A nao huzuia kuona usiku. Hakupata nafuu. Ndipo daktari wa macho alipomtia dawa ya kupanua mboni, akachungulia ndani na kututajia ugonjwa: retinaitisi pigmentosa.

Ni ugonjwa wa kurithi, na humpata takriban mtu 1 kati ya 4,000. Chembe zinazopokea mwanga nyuma ya jicho hufa kidogo kidogo, zikitangulia zile za kuonea gizani. Baadaye mtu haoni pembeni, huwa kama anayechungulia kwenye bomba. Hauambukizi.

Tukauliza, "Nani kauleta?" Daktari akasema urithi una njia kadhaa. Kwetu, baba na mama wote wawili tumebeba kasoro hiyo bila kuugua, na kila mimba ina uwezekano 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Tulikumbuka Yohana sura ya 9, Yesu alipokataa kumlaumu kipofu au wazazi wake. Siku hiyo tuliacha kunyosheana vidole.

Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba ya jeni, lakini inawafaa tu wenye kasoro katika jeni iitwayo RPE65. Basi tumejifunza kuishi. Viti havihamishwi ovyo, ndoo haziachwi njiani, mlango hauachwi nusu wazi. Shuleni mwalimu amemkalisha mbele. Jioni hushika mkono wa dada yake, na ameanza kujifunza fimbo nyeupe mapema. Kazi za nyumbani anafanya kama wenzake, kwa kuwa kumdekeza hakutamsaidia ukubwani.

Mama mpendwa, mtoto akijikwaa kila jioni, usikimbilie fimbo wala mganga. Mpeleke kwa daktari wa macho, na ndugu zake wapimwe pia. Sisi tulimwomba mwanetu msamaha kwa viboko vile. Alicheka, akasema, "Sasa mnajua sikuwa mzembe."