Oksijeni 'hupita' au 'huhama'?

Msomaji wa Kericho au Bomet anajua kwamba jani la chai likishasagwa kiwandani huachwa lipate hewa hadi ukijani ugeuke rangi ya shaba. Kwa mazoea tunaita hatua hiyo 'kuchachusha'. Neno linapotosha. Mursik ndiyo huchacha, kwa kazi ya bakteria. Kwenye chai, oksijeni huingia katika seli zilizopasuliwa na kuungana na kemikali za jani, vimeng'enya vya jani lenyewe vikisaidia.

Utata kama huo naukuta wanafunzi wanapoeleza kauri zinazopitisha umeme bila ukinzani, mathalani ile ya itriamu, bariamu na shaba iliyogunduliwa Marekani mwaka 1987. Huandika kwamba oksijeni 'hupita' ndani yake, utadhani ni maji bombani. La! Fuwele haina bomba. Ina nafasi tupu. Katika joto la nyuzi 400 au 500 hivi, atomi ya oksijeni huruka hadi nafasi jirani iliyo wazi, ikiacha yake wazi, kama abiria wanaosogeleana viti katika matatu. Basi mimi nasema 'huhama'.

Tena, tofauti na ya chai, oksijeni hii hutoka moto ukizidi. Ndiyo maana kauri hupozwa polepole penye oksijeni, irudi ndani. Kwa kila atomi tatu za shaba zinahitajika karibu saba za oksijeni. Zikibaki sita, ukinzani hauondoki hata uitose kauri katika nitrojeni ya majimaji.