Kasongo: mtu wa maabara naye ni kiongozi

Mtaalamu wa maabara wa Kasongo au Kabambare anayeomba nafasi ya mafunzo ya uongozi hukwama kwenye swali moja: umeongoza nini? Wengi hujaza vyeti tu. Lakini sampuli ya mpox ikitoka kijijini kwa pikipiki bila baridi ya kutosha, inaweza kuharibika kabla ya kufika Kindu, sembuse INRB huko Kinshasa. Aliyepanga safari hiyo, akaandika daftari na kufuatilia majibu, ameongoza. GLLP, mpango wa kimataifa wa viongozi wa maabara ambamo OMS na FAO zinashirikiana, ulitaja mwaka 2019 stadi 9, zikiwemo ubora, usalama na ufuatiliaji wa magonjwa. Barua ieleze kazi hizo kwa tarehe. Sahihi ya daktari mkuu wa eneo la afya, ikihitajika, iombwe mapema, kabla mtandao haujakatika siku ya mwisho.